Leza juu ya lenzi ya bandia: jicho langu la kushoto, miezi minane baadaye

Kitambaa kilichonipeleka Nairobi kilikuwa cha kijivu, chenye mistari myeupe myembamba, mita tatu na nusu, suti ya bwana harusi. Nilikitandaza juu ya meza ya kukatia, nikasimama kama ninavyosimama siku zote, tepu shingoni. Nikifumba jicho la kushoto, nimevaa miwani yangu ya kusomea, mistari imenyooka. Nikivua miwani na kufumba la kulia, kila mstari unaota kivuli ubavuni, kama mtu aliyechora kwa chaki kisha mkono ukamtetema. Nikakigeuza kitambaa ili mistari ilale kwenda kulia na kushoto. Ikatulia. Nikakirudisha kilivyokuwa, vivuli vikarudi. Siku ile sikukata. Nilimpigia bwana harusi nikamwomba siku mbili, na suti ile hatimaye ilikatwa na kijana wangu wa dukani mimi nikiwa nimesimama pembeni. Kwa fundi wa miaka thelathini na tatu kwenye cherehani, lile lilinichoma sana.

Naandika haya kwa wenzangu waliotolewa mtoto wa jicho, wakawekewa lenzi ya bandia, na bado hawaoni sawasawa. Mimi nina miaka 61, nashona Mombasa. Jina la hospitali ya kwanza silitaji, na la kliniki ya Nairobi pia nimeliacha, maana ninachotaka mtu achukue hapa ni mambo ya kuuliza kabla hajalipa.

Jicho la kulia lilifanyiwa upasuaji mwaka 2022. Lilitoka vizuri, nikawa naona mbali bila miwani na kusoma kwa miwani, ndivyo nilivyoahidiwa. Kwa hiyo 2023 nilirudi palepale kwa jicho la kushoto bila wasiwasi wowote. Nakumbuka vipimo vyake. Kijana alinitia matone ya ganzi, akashika kitu kama kalamu, akakigusisha kwenye mboni. Simu yake ilikuwa ikilia. Aligusa mara nne, mara tano, mguso mmoja ukiwa mzito hata nikarudisha kichwa nyuma, akaandika namba, tukamaliza. Sikujua kwamba namba ile ndiyo itakayoamua ni lenzi ya nguvu gani itakayokaa ndani ya jicho langu mpaka nife.

Bandeji ilipotolewa nilifurahi kwa sababu nyeupe ilikuwa nyeupe tena. Watu waliopitia hili wanajua: mtoto wa jicho hukupaka rangi ya chai kila kitu, na hujui mpaka siku anapoondoka. Lakini mbali kulikuwa na ukungu, na mistari ilikuwa na vivuli. Nikaambiwa jicho litazoea. Baada ya miezi mitatu, litazoea. Baada ya miezi sita nikaandikiwa miwani.

Miwani niliijaribu kwa moyo mweupe. Ilinyoosha mistari, hilo sitalikana, na kwa mtu wa kazi nyingine ningesema inatosha, usitumie pesa zaidi. Kwangu meza ilionekana imelala upande mmoja, pembe ya kitambaa iliyo sawa naiona imekwenda mrama. Tena pasi ya mvuke inaijaza ukungu, na joto letu la Februari linaiteremsha puani kila nikiinama. Nilivumilia karibu mwaka mzima.

Binti yangu ndiye aliyesikia kwamba leza inaweza kurekebisha makosa yanayobaki baada ya kuwekewa lenzi. Agosti 2024 tukapanda treni ya saa tisa pale Miritini, nauli 1,500 kila mmoja, tukalala kwa dada yangu South C. Asubuhi tukaenda kliniki.

Sasa nisemee kile kilichonifanya niipe kliniki hii nyota nne. Daktari hakunipiga leza ya kurekebisha kosa siku ile, wala safari ya pili. Alianza kwa kuomba faili la hospitali ya kwanza. Nilikuwa nalo, mimi situpi karatasi. Akatafuta urefu wa jicho ulioandikwa: milimita 23.21. Kisha akanipima kwa mashine ya mwanga isiyogusa jicho. Unaweka kidevu, unaangalia taa, basi. Ikatoa 23.74. Akanionyesha namba mbili zile bega kwa bega.

"Mama, kifaa kile kikikandamiza jicho wakati wa kupima, jicho linaonekana fupi kuliko lilivyo. Lenzi inachaguliwa yenye nguvu kupita kiasi. Nusu milimita kama hii inatosha kukosea zaidi ya diopta moja, kipimo cha nguvu ya lenzi."

Nilinyamaza. Nusu milimita naijua. Nusu milimita kwenye kola ya kanzu unaiona ukiwa upande wa pili wa barabara. Sikukasirika kwa sauti, lakini usiku ule sikulala vizuri, nikimfikiria yule kijana na simu yake.

Hiyo ilikuwa nusu ya kosa. Nusu nyingine haikuwa ya mtu. Mashine nyingine ilichora ramani ya konea, kile kioo cha mbele cha jicho, kwa rangi kama ramani za milima tulizosoma shuleni. Yangu haikuwa duara kama mpira, imejipinda zaidi upande mmoja, kama yai. Hiyo ndiyo astigmatizimu, na lenzi ya kawaida niliyowekewa haiigusi kabisa. Kuna lenzi zinazotengenezwa kwa ajili yake, hakuna aliyenitajia. Jumla, jicho langu la kushoto lilikuwa na hasi 1.50, yaani linaona karibu kuliko mbali, na juu yake astigmatizimu ya 1.25.

Akanieleza njia zilizokuwepo. Kubaki na miwani. Kurudi ndani na kubadilisha lenzi. Kuongeza lenzi ya pili nyembamba mbele ya ile ya kwanza. Au leza kwenye konea. Kubadilisha lenzi alikuweka kando: kosa lenyewe dogo, astigmatizimu iko kwenye konea, na lenzi iliyokaa mwaka na zaidi imeshikana na kifuko chake, kuing'oa ni hatari kubwa kuliko faida. Alisema kosa lingekuwa la diopta tano angezungumza mengine, maana leza ni ya kumalizia, si ya kuanza upya.

Hapo nikamwelewa kabisa, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Nguo iliyokosewa kidogo kiunoni unaipunguza. Iliyokosewa kuanzia mabegani unaifumua yote. Tena kabla hujagusa chochote unaingiza kidole ndani ya mshono kuangalia kuna kitambaa kiasi gani cha akiba. Nikamwuliza: jicho langu lina akiba kiasi gani? Alifurahi, akasogeza kiti. Konea yangu ina unene wa mikroni 531, yaani nusu milimita na kidogo. Marekebisho niliyohitaji yangekula chini ya mikroni 50. Unywele mmoja wa kichwa ni mnene kuliko hapo. Akiba ipo.

Lakini kulikuwa na mambo mawili ya kusafishwa kwanza. Nyuma ya lenzi ya bandia kulikuwa kumeanza utando, jambo linalotokea kwa wengi baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho. Aliutoboa siku ileile kwa leza ya aina nyingine; dakika chache, hakuna kisu, hakuna maumivu. Alinieleza ni kwa nini aliamua kwanza kwamba lenzi haibadilishwi: utando ukishatobolewa, kuitoa lenzi kunakuwa kugumu zaidi. Utaratibu huo uandikeni. Ukiona mtu anataka kutoboa utando kabla ya kuamua kama lenzi inabaki, muulize.

La pili, ukavu. Waliniwekea vikaratasi vyembamba ndani ya kope la chini kwa dakika tano, wakapima machozi yaliyovilowesha. Yangu yalikuwa kidogo. Jicho kavu linadanganya mashine, na leza yenyewe inaongeza ukavu. Nikapewa matone ya machozi na kazi ya kukanda kope kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu kila asubuhi na jioni, nirudi baada ya mwezi.

Safari ya pili ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Aliniuliza, "Mama, unakata kitambaa kwa umbali gani?" Hakuna daktari aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikatoa tepu kwenye mkoba, nikasimama mbele ya meza yake kama niko dukani, binti akapima kutoka jichoni hadi mezani: sentimita 70. Sindano: 35. Akaandika zote mbili.

Kisha akanieleza jambo ambalo lingenipita. Kile kibaya kilichobaki jichoni kilikuwa na kizuri ndani yake. Ile hasi kidogo ndiyo inayoliwezesha jicho la kushoto kuona mezani bila miwani. Akiifuta yote ili nione mbali kwa macho yote mawili, nitahitaji miwani kwa kila kitu kilicho karibu, hata kukata. Lenzi ya bandia ya kawaida haijikunji kama ile ya ujana. Njia nyingine ni kufuta astigmatizimu peke yake na kuacha hasi 1.25, jicho la kulia likabaki la mbali, la kushoto likawa la meza.

Nikajaribu kabla ya kuamua. Walinipa lenzi laini za kubandika juu ya jicho, aina mbili, siku nne kila moja, nikarudi nazo Mombasa. Kwa ile ya kwanza niliona meli kwenye mlango wa Likoni kwa macho yote mawili mpaka nikatokwa na machozi, wallahi. Lakini dukani nilikuwa natafuta miwani kila dakika. Kwa ile ya pili siku ya kwanza nilihisi kizunguzungu kidogo, siku ya tatu nikasahau. Nikakata kanzu mbili bila kugusa miwani. Nikachagua ya pili. Wakaniachisha lenzi wiki mbili nzima ndipo wakapima upya, kwa sababu lenzi hukandamiza konea, na baada ya yaliyonipata kupima juu ya jicho lililokandamizwa nilikubali bila kunung'unika, ingawa nauli ilinitoka tena.

Leza ilikuwa Novemba 2024. Kuna aina mbili kubwa. LASIK hukata kifuniko chembamba kwenye konea, leza ikapita chini yake, kifuniko kikarudishwa. Siku ya pili unaona. PRK haikati kifuniko, huondoa ngozi laini ya juu ya konea, leza ikapita, ngozi ikaota upya yenyewe. Kwa sababu ya ukavu wangu, daktari alichagua PRK. Kukata kifuniko hukata mishipa mingi zaidi ya fahamu inayoamsha machozi.

Nilikuwa macho wakati wote. Matone ya ganzi, kidude cha kuzuia kope zisifunge, kimiminika baridi juu ya jicho, kisha nikaona ukungu ukifutwa kama mtu anayepangusa kioo kwa sifongo. "Mama, angalia taa ya kijani. Ikififia, usiitafute, kaa hapohapo." Leza ikaanza kulia tak-tak-tak upesi, kukaja harufu kama nywele zilizoungua. Nilikuwa naisoma Ayatul Kursiyu moyoni, na sikufika mwisho wake wakati ilipozimika.

Ile harufu ilinitia hofu, nikauliza kama jicho limechomwa. Hapana, alisema, leza hii haichomi, mwanga wake wa nanomita 193 huvunja vifungo vinavyoshikanisha chembe za nyama bila kupasha joto pembeni. Akanipa kisa chake: mwaka 1981 mwanasayansi mzaliwa wa India, Rangaswamy Srinivasan, aliyekuwa akifanya kazi IBM Marekani, alileta maabarani mabaki ya bata mzinga wa sikukuu kutoka nyumbani kwake, akaipitisha leza ile juu yake. Ikakata safi, kingo hazikuungua. Kwa aliyewahi kukata satini kwa chuma cha moto akaona kingo zilivyogeuka ngumu na nyeusi, kukata bila kuunguza ni jambo kubwa.

Sasa maumivu, na hapa ndipo nyota moja ilipopotea. Muuguzi alisema nitahisi "kama mchanga kidogo". Saa sita za kwanza, kweli. Usiku wa kwanza na wa pili haukuwa mchanga. Ulikuwa kitunguu na pilipili, machozi yakimwagika mpaka mto ukalowa, na mwanga wa simu ya binti yangu upande wa pili wa chumba ulinidunga. Tulipiga namba ya dharura mara mbili. Ya kwanza haikupokewa. Dawa za maumivu nilizopewa zilikuwa chache. Asubuhi ya tatu niliamka, maumivu yameondoka kama yalivyokuja. Nikiwaambia ukweli huu si kwa kuwatisha, ni kwa sababu anayejua kinachokuja hujipanga: chumba chenye giza, mtu wa kukutilia matone, na dawa za kutosha za siku tatu uziombe kabla hujatoka.

Fomu ya ridhaa nayo ilikuwa kurasa saba za Kiingereza, nikapewa pale mapokezi kalamu ikiwa mkononi mwa mhudumu. Nilikataa kutia sahihi mpaka binti anisomee yote. Daktari aliposikia alitoka mwenyewe akaja kueleza kwa Kiswahili, kifungu kwa kifungu, na namshukuru. Lakini mama asiye na binti aliyesoma angefanyaje? Fomu ya Kiswahili ni gharama ndogo kwa kliniki yenye mashine za thamani ile.

Siku ya tano wakatoa lenzi ya bandeji iliyokuwa inalinda jicho. Maji yasiingie jichoni wiki nzima, na mimi ni mtu wa sala tano. Nilimpigia ustadhi wetu, akanielekeza tayamamu, akaniambia dini haitaki nijidhuru. Kwa wanaofikiria kufanya wakati wa Ramadhani, ulizeni mapema, maana matone ni mengi: ya kuzuia vijidudu mara nne kwa siku, ya kutuliza uvimbe yanayopunguzwa polepole kwa miezi, na machozi ya bandia kila unapokumbuka. Miwani ya jua ni lazima. Daktari alisisitiza kwamba jua kali miezi ya mwanzo linaweza kuacha ukungu kwenye konea, na jua letu la pwani mnalijua.

Wiki tatu sikufanya kazi ya maana. Kuona kulikuja na kuondoka, asubuhi vizuri, jioni ukungu. Nilipoteza oda za harusi mbili na hilo lihesabuni kwenye gharama. Kliniki nililipa shilingi 75,000 kwa jicho moja, vipimo ndani yake. Utando na matone nililipia mbali, na bima yangu haikutoa hata senti, ikisema leza ni mapambo. Mapambo! Jicho la kazi la fundi.

Mwezi wa pili vivuli vilikuwa vimekwisha. Taa za magari usiku zilikuwa na miale mirefu, sasa imebaki mifupi na siijali tena. Kipimo cha miezi mitatu kilionyesha hasi 1.25, astigmatizimu imebaki robo diopta tu. Cha miezi sita kikarudia namba zilezile, daktari akasema limetulia. Ukavu bado upo, chupa ya machozi haitoki mkobani. Kusoma msahafu wa herufi ndogo na kushona uzi mweusi kwenye buibui jeusi usiku bado navaa miwani, na niliambiwa mapema kwamba itakuwa hivyo.

Wiki iliyopita nililetewa tena kitambaa cha mistari, safari hii cha samawati, suti mbili, baba na mwana. Nilikitandaza, nikafumba jicho la kulia, nikaangalia. Kisha nikachukua mkasi.

Anayetaka kwenda, aende na faili lake lote la upasuaji wa kwanza, hasa karatasi yenye urefu wa jicho na nguvu ya lenzi. Ukiwa huna, kaidai hospitalini, ni haki yako. Aende akiwa amepitisha angalau miezi mitatu tangu kuwekewa lenzi. Na apime kwa tepu, nyumbani, umbali wa kazi yake.